Kontena Nyuma ya Jiko la Shangazi

Simu ya shangazi ilinikuta Ndola, nimekaa nje ya kituo cha mafuta nikingoja lori lolote lenye nafasi, likielekea upande wowote. Ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Hakunisalimu wala hakuuliza niko wapi.

"Banakuja kutoa ile kontena," alisema. "Bataipitisha ku bahari. Weye njo muntu ya bahari kwetu. Kuya."

Sikuwa mtu wa bahari. Nilikuwa nimefanya kazi bandarini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, katika kikosi cha kufunga makontena juu ya meli, na baada ya hapo Beira, nikipakua mifuko ya mbolea. Meli zilikuja, tukazifunga, zikaondoka. Mimi nilibaki gatini na kofia yangu ya plastiki. Lakini ukoo wetu ni wa watu wa reli na wa mgodi, waliotoka kaskazini mwa Katanga wakafuata kazi mpaka Lubumbashi, na kwao yeyote aliyewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo ni mtu wa bahari. Nilipanda lori la kwanza lililokwenda Kasumbalesa, nikavuka mpaka kwa miguu katikati ya foleni ya magari, na jioni nilikuwa Kenya, ile komini ya Lubumbashi nilikokulia, yenye karakana na makanisa kila njia.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali mekundu, na madirisha yake yalikuwa na nondo alizozikunja mumewe kwa mkono. Sisi watoto wote wa ukoo tulimwita Tonton. Alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana ya reli, na alipostaafu alifungua karakana yake mwenyewe hapo uani. Nondo za dirisha la sebuleni alizikunja zikawa na umbo la garimoshi, na mabehewa yake, na moshi. Nilipokuwa mdogo nililala chini ya dirisha hilo kila nilipopelekwa kulala kwao, na nadhani tamaa yangu ya kusafiri ilianzia hapo, kwa kutazama treni ya chuma isiyokwenda kokote. Tonton alikuwa amefariki miaka michache kabla ya simu ile, kwa ugonjwa wa presha. Sikuwahi mazishi. Nilikuwa Beira, na habari ilinifikia matanga yamekwisha.

Shangazi alinipa maji ya kunawa, akanipakulia bukari, ndio ugali wa kwetu, na samaki, na nilipokuwa ninakula akanieleza jambo lililomfanya anipigie simu.

Nyuma ya ukuta wa jiko lake palikuwa na karakana iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya migodi. Miongoni mwa vifaa hivyo kulikuwa na vipimo vinavyofungwa kwenye mabomba ili kujua matope ya madini ni mazito kiasi gani. Ndani ya kila kipimo mna kipande kidogo sana cha kitu chenye mionzi, kimezungukwa na risasi, ile metali laini na nzito. Kipimo kikichakaa, bomba linatupwa, lakini kipande kile hakichakai pamoja nalo. Kinaendelea kutoa mionzi yake kimyakimya kwa miaka mingi. Mwenye karakana alifunga kazi, akaondoka nchini, akaacha vipimo vibovu vimelundikana. Watu wa serikali walikuja, wakavitia kwenye mapipa, wakajaza saruji, wakayaingiza mapipa ndani ya kontena, wakabandika alama ya njano kwenye mlango, wakaenda zao. Walisema ni kwa muda.

Sasa ule muda ulikuwa umefika mwisho. Meli ilikuwa inakuja Dar es Salaam kukusanya taka za namna hiyo kutoka nchi kadhaa na kuzipeleka Ulaya, kwenye kiwanda kinachojua kuzihifadhi. Kabla kontena halijaruhusiwa kuondoka, mtaalamu angekuja kukagua kama linaweza kusafiri baharini kwa usalama.

"Ikienda, nabakia na nyumba yangu," shangazi alisema. "Isipoenda, komini imesema batapanua lupango. Jiko, chumba yangu, yote itaingia ndani ya lupango. Batabomoa."

"Uzio wa kontena uje mpaka jikoni? Wamekuambia hivyo kweli?"

"Baliniambia mbele ya jirani. Njo maana nilikuita. Yule Madame ya kukagua kontena akiuliza mambo ya bahari, weye utajibu."

Nilitoka nje na kitoweo mkononi. Nilitaka kuliona kontena kabla giza halijaingia. Palikuwa na upenyo kwenye ukuta, karibu na choo, na nilichungulia hapo.

Lilikuwa kontena la kawaida, la urefu ule mfupi, limepakwa rangi ya buluu ya bahari ambayo siamini aliyelipaka aliwahi kuiona bahari. Mlango wake ulikuwa umezibwa na nondo nene zilizochomelewa kutoka juu hadi chini. Lakini macho yangu hayakukaa mlangoni. Mtu aliyefanya kazi bandarini hutazama kona kwanza. Kontena lina kona nane, na kila kona ina kipande kizito cha chuma chenye matundu. Winchi inalinyanyua kwa matundu hayo. Lori linalishika kwa matundu hayo. Ndani ya meli, kontena linakaa juu ya lingine na kufuli ya chuma inaingia katika tundu la chini na la juu, inapindishwa, inauma. Kazi yangu ya miaka yote ile ilikuwa hiyo tu: kuhakikisha inauma.

Kona za chini za kontena lile zilikuwa zimechomelewa kwenye vipande vya reli, na reli zile zilikuwa zimezikwa kwenye zege. Kona za juu zilikuwa zimezibwa kwa mabamba ya chuma. Nilijua mkono uliofanya ile kazi. Mshono wa chuma ulikuwa umelala sawasawa, mawimbi madogo madogo yenye ukubwa mmoja, kama magamba ya samaki. Hakuna mwingine Kenya aliyechomelea hivyo.

Nilirudi ndani nikamuuliza shangazi, naye akanieleza huku akiosha sahani.

Baada ya watu wa serikali kuondoka, mlinzi waliyemwacha alikaa kidogo, kisha naye akatoweka. Wezi wa vyuma wakaanza kuja. Risasi ina soko, na pipa zuri lina soko zaidi. Kenya pipa halizeeki, likichoka linakatwa linakuwa mbabula, jiko la makaa la kupikia. Siku moja watu walikuta kufuli ya mlango imekatwa. Jumuiya ikakutana baada ya misa. Walimwogopa mwizi kuliko mionzi yenyewe, na walikuwa na haki ya kumwogopa: mtu angepasua kipimo, angeuza risasi sokoni, na kile kipande kidogo kingeachwa njiani watoto wakiokote. Tena mjini kwetu watu hawaibi vitu kutoka ndani ya kontena tu. Wanaweza kuleta gari lenye winchi wakabeba kontena zima mchana, na kila mtu akadhani ni mwenyewe anahama. Jumuiya ikamwomba Tonton alifunge lisiweze kufunguliwa wala kubebwa. Wakamletea reli, wakamletea saruji. Alichomelea wiki nzima, na mwisho wa kazi padri alikuja kubariki.

"Tangu siku ile," shangazi alisema, "hata muntu moja hakuigusa."

"Tantine, zile kona..."

"Kona ziko na nini?"

"Ndizo zinazoshikwa melini. Bila kona, kontena halifungiki."

Aliweka sahani chini. "Tonton alichomelea muzuri," alisema. "Madame ataona mwenyewe."

Madame alifika kesho yake na gari jeupe la serikali. Alikuwa mhandisi, mwanamke wa umri wangu, mzaliwa wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa na ule mvuto wa Kivu uliowafanya watoto wamwige mara tu alipogeuka. Kabla ya kukagua chochote aliomba kuongea na majirani. Tulimwekea kiti uani kwa shangazi. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya matofali. Jirani wa mkono wa kulia, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikuwa ameahidi lori lake la kubebea kontena mpaka Dar es Salaam, na kwa hiyo alikaa mbele kabisa, kama baba wa bibi harusi.

Madame alieleza bila haraka. Kazi yake, alisema, ni kujiuliza mambo mabaya yote yanayoweza kutokea njiani na kuona kama mzigo umejiandaa nayo. Meli ikigongwa? Ikishika moto? Ikizama? Mapipa yatakaa wapi, mbali kiasi gani na vyumba vya mabaharia, mbali kiasi gani na chakula? Nahodha anajua anabeba nini? Bandari njiani zinajua? Mtu akiumia, nani anakuja, na anakuja na nini?

"Na ikizama?" mama mmoja aliuliza. "Samaki itakula?"

"Saruji haiyeyuki, mama. Chuma kinakaa muda mrefu. Watu wataitafuta, na wakiipata wataitoa."

"Wasipoipata?"

Madame hakuruka swali. "Basi itakaa chini, na baada ya miaka mingi itatoka kidogo kidogo. Maji ni mengi sana. Hatari ni ndogo. Sisemi hakuna."

"Sasa ile samaki ya barafu tunanunuaka pale sokoni," jirani wa Butembo akadakia, "siku moja itarudi huku na kutuuliza, bandugu, mulinitumia nini?"

Watu walicheka. Hata Madame alicheka. Mzee mmoja wa jumuiya akasema kwa sauti kwamba afadhali yule samaki, kwani ana bahari nzima ya kukimbilia, naye mwenyewe ana chumba na sebule tu. Wakacheka tena, lakini safari hii walimtazama shangazi.

Shangazi alisimama. "Madame, uko na huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu. "Ni mutoto ya kaka yangu. Amefunga meli nyingi kabisa. Muulize."

Madame aliniuliza nilifanya kazi gani bandarini. Nilimwambia. Aliniuliza kama niliwahi kuona mzigo wa alama ya njano ukipakiwa, nikamwambia ndiyo, mara chache, na kwamba siku hizo msimamizi alikuja mwenyewe kutikisa kila kufuli kwa mkono. Shangazi alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Nadhani aliona kwamba kutangatanga kwangu kote, ambako ukoo ulikulalamikia kila Krismasi, hatimaye kumeleta faida nyumbani.

Kisha tukazunguka ukuta kwenda kulikagua kontena: Madame na kipimo chake cha mionzi, shangazi, jirani wa Butembo, na mimi. Madame alianza na kipimo. Alikipitisha ukutani kwa jiko, akakipitisha pembeni mwa kontena, na kikatoa mlio wake wa kugongagonga, wa taratibu. Alisema saruji na risasi vinafanya kazi yake. Anayepita hapati neno. Anayelala hapo miaka na miaka, huyo sheria haitaki alale hapo. Shangazi aliuliza moja kwa moja kama Tonton aliuawa na kontena. Madame alimuuliza Tonton alifanya kazi siku ngapi karibu nalo, akafikiri, akamwambia hapana, mama, presha ni presha. Niliona mabega ya shangazi yakishuka. Swali hilo alikuwa amelibeba tangu mazishi, bila kumwambia mtu.

Halafu Madame akaomba ngazi. Alipanda, akaweka kiganja juu ya kona moja, mahali ambapo tundu lilipaswa kuwa. Akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akatazama kona ya chini, mahali chuma cha kontena na chuma cha reli vilipoyeyuka vikawa kitu kimoja.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Bwana yangu," shangazi alisema.

"Ni fundi mukubwa."

"Alifanya reli miaka yote. Kisanga mpaka Kamina."

Mimi nilikwishajua, na Madame aliponitazama nadhani aliona kwamba nimejua. Akainuka, akajipangusa.

"Mama, hapa kwenye nchi kavu sijaona kontena iliyofungwa vizuri kama hii. Wezi hawaiwezi, mvua haiiwezi. Lakini kwenye bahari haiwezi kwenda."

Shangazi alidhani hajasikia vizuri. "Haiwezi namna gani? Si umesema iko nguvu?"

Jirani wa Butembo ndiye aliyelichukua jambo hilo kama biashara. Kama reli ndiyo shida, alisema, reli tunaikata. Mafundi wapo hapa, Kenya nzima ni mafundi. Madame akasema hapana, kukata kwa moto karibu na mapipa yale hataruhusu. Basi tutakata kwa msumeno, bila moto. Madame akasema msumeno unaweza kulitoa kontena chini, lakini kona zimekwishaungua, chuma chake si kile kilichopimwa kiwandani, na matundu hayapo. Winchi italishika wapi? Meli italifunga kwa nini?

"Minyororo!" alisema yule jirani. "Madame, mimi nafungaka mahindi, nafunga bisukuti, nafunga pikipiki za China mpaka Kasenga. Barabara ya Kasenga unaijua? Hakuna bahari inaruka kama ile barabara."

"Naijua."

"Kitu gani kilianguka? Muulize muntu yote."

"Papa, mahindi ikianguka unaokota."

Shangazi akanigeukia. "Weye sema. Minyororo haishiki?"

Nilimweleza nilichokijua. Melini makontena hupangwa moja juu ya jingine, ghorofa juu ya ghorofa, na meli inapolala upande, uzito wote wa yaliyo juu unategemea kona za yaliyo chini. Niliwahi kupokea kontena lililosafiri kona yake ikiwa na ufa; lilifika limebonyea kama mkebe wa sardini, na matatu yaliyokuwa juu yake hayakufika kabisa. Niliongea kwa sauti ndogo, kwa sababu kila neno lilikuwa linaondoa tofali moja kwenye nyumba ile, na lilikuwa kweli.

"Basi tulipeleke mpaka Kasumbalesa tu," alisema jirani, akimwongelesha Madame kama mtu anayepunguza bei. "Pale mpakani kuna foleni, kuna nafasi, bakubwa ya forodha bataona bafanye nini. Hapa mama atalala."

Madame hakujibu kwa ukali. Alisema tu kwamba jina lake ndilo lingekuwa kwenye ruhusa, na kwamba Kasumbalesa madereva wanalala chini ya magari yao, kwenye machela wanazozifunga chini ya trela. Jirani anawajua; ni madereva wake. Mtu yule alitazama chini, akasugua kiatu kwa kiatu, na hakulitaja tena.

Palibaki njia moja. Kulifungua kontena, kuyahamishia mapipa kwenye kontena jipya. Kwa hilo ilihitajika hema maalumu, watu waliofunzwa, vyombo ambavyo wakati ule vilikuwa Kolwezi kwa kazi ya namna hiyohiyo, na nondo za Tonton zilipaswa kukatwa polepole, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Madame alisimama kando ya gari lake akapiga simu mchana kucha. Nilimsikia akibembeleza kwa Kifaransa, akipandisha sauti, akishusha. Watu wa Kolwezi wasingemaliza mzigo wao mapema vya kutosha kuja kwetu. Meli isingengoja. Jua lilipoanza kushuka alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akakubali chai, na kabla hajaionja akasema kontena litabaki mpaka safari nyingine ipangwe, na kwamba hajui lini. Safari ya namna ile, alisema, huchukua miaka kupangwa.

Shangazi hakulia. Alikwenda kwenye upenyo wa ukuta karibu na choo, akaanza kuongea na kontena, na mwanzoni hatukuelewa kwamba anaongea na mumewe.

"Weye mwanaume! Balikuomba kufunga, si kuoa! Ulichomelea kama unachomelea mbingu na inchi. Nilikuambia, inatosha, kuya kula. Ulisema, bado kona moja. Kona moja! Kula haukutaka, chakula ilipoa. Sasa nitalala wapi? Uniambie, nitalala wapi?"

Madame aliweka kikombe chini bila sauti. Jirani wa Butembo, ambaye ana neno kwa kila jambo, alivua kofia.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, katika vyumba vya kupanga vya miji mbalimbali. Wiki ile Tonton alipokuwa anachomelea, mimi nilikuwa Dar es Salaam, na mikono yangu ilikuwa inashika kona za makontena kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na simu. Shangazi naye alikuwa nayo. Tuliongea mwezi ule, nakumbuka, kwa sababu binti yake wa Kasomeno alikuwa amejifungua na tulicheka sana kuhusu jina la mtoto. Hakunitajia kontena, kwani kwake halikuwa habari ya kumpigia mtu. Ilikuwa kazi ya mtaa iliyokwisha. Nami sikuwahi kumweleza ninachofanya bandarini zaidi ya kusema nafunga meli. Hakuna aliyeuliza, na mimi siku hizo nilidhani kwamba kazi za ugenini haziwahusu waliobaki nyumbani. Sentensi moja tu ingetosha: acheni kona, fungeni mlango tu. Tonton angesikia. Alikuwa mtu anayependa kuelezwa jinsi kitu kinavyofanya kazi. Angeniuliza maswali mpaka salio liishe. Sioni wa kumlaumu katika hili. Walimwogopa mwizi, wakamfungia njia, na kwa mikono ileile wakaifunga njia ya mzigo kuondoka. Ninachojutia ni kwamba sisi wa ukoo mmoja, wenye kazi inayokaribiana kiasi hicho, tuliishi kama watu wasiojuana.

Komini ilitimiza neno lake, na kwa haki ilitimiza kwa adabu. Walimpa shangazi muda, wakamlipia kiwanja nje ya mji ambacho hakukitaka. Alisema hawezi kuanza na watu wapya, ataenda Kasomeno kwa binti yake, anayeuza chumvi na sabuni kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Nilibaki kumsaidia kufungasha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ujana wangu kukaa Lubumbashi muda mrefu hivyo, na kila asubuhi niliamka chini ya dirisha la garimoshi nikijua ninaamka hapo kwa mara chache zilizobaki. Kwetu mtu akihama huondoka na milango, madirisha na mabati, kwa hiyo mafundi walikuja kung'oa nondo zote za Tonton kutoka ukutani. Dirisha la sebuleni lilitoka kwa shida. Fundi kijana alilipiga nyundo, akasema aliyelijenga hakutarajia litoke. Shangazi alisema anajua.

Jirani alitupa lori lake, lile aliloliahidi kwa kontena, na hakutaka kusikia habari ya malipo. Shangazi alikaa mbele kati yangu na dereva, mkoba mapajani. Nyuma tulifunga vitanda, milango, makabati, kwa minyororo aliyoisifu jirani mwenyewe. Hatukuona nyumba ikibomolewa. Shangazi alitaka tuondoke kabla.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia ya Kasomeno, vumbi jekundu limetanda kwenye kioo, simu yangu ilipoita. Alikuwa Madame. Alikuwa ameahidi kunijulisha, nami nilikuwa nimesahau ahadi yake. Meli imefika Ulaya, alisema. Ilipata hali mbaya ya hewa kusini, mawimbi makubwa kwa siku kadhaa, lakini mzigo haukusogea. Mapipa yote yamepimwa, yako kama yalivyoondoka. Alimsalimu shangazi. Nilimshukuru, nikakata.

"Ni nani?" shangazi aliuliza.

"Madame. Meli imefika."

"Haikuzama?"

"Haikuzama."

"Na makontena ya bale bengine? Ya Kolwezi?"

"Yote yamefika."

Dereva alipunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, kisha akaongeza.

"Na kama ya kwetu ingekuwa mule ndani," shangazi alisema, "na kona zake zote?"

"Ingefika, Tantine."

Alifungua mkoba wake, akatoa leso, akajifuta vumbi usoni, akaikunja tena vizuri kama ilivyokuwa.

"Ungenidanganya kidogo," alisema.